Kichambuzi cha Kiswahili kwenye Lucene: kukichangia mradini, kukitunza kando, au kushika nakala yako?

Maalim mmoja wa Wete, Pemba, aliyesomesha miaka mingi na ambaye sasa anaangalia mkusanyiko wa magazeti na makaratasi ya zamani tuliyoyachapa upya kwenye kompyuta, alinipigia simu siku ya tatu baada ya kuwekewa ukurasa wa kutafutia. Tukaamkiana, nikamuuliza hali za nyumbani, kisha akaingia kwenye shida yake.

"Mwanangu, nimeandika *skuli*, imeniletea karatasi nne. Nimeandika *shule*, imeniletea nyengine kabisa. Na zote zinasema habari ya skuli moja. Nimeandika *kitabu*, penye *vitabu* hapaoni. Hii mashine inajua Kiswahili?"

"Haijui, Maalim. Inajua herufi tu."

Chini ya ukurasa ule kuna Lucene, maktaba huria ya programu ya kutafutia maandishi, iliyoandikwa kwa Java. Doug Cutting aliianza mwaka 1999, ikahamia Apache, taasisi inayosimamia miradi ya programu huria, mwaka 2001, na mwaka 2005 ikawa mradi unaojisimamia ndani ya Apache. Seva za kutafutia za Solr, Elasticsearch na OpenSearch zote zimejengwa juu yake, kwa hiyo hata ambaye hajawahi kulisikia jina hili pengine ameshaitumia leo mara kadhaa. Ndani yake mna vichambuzi vya lugha: Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kibengali, Kitamil, Kiindonesia, Kibasque na vyengine vingi. Kiswahili hakimo. Kiunguja cha mjini ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, tuna mabaraza ya Kiswahili, BAKIZA hapa Zanzibar na BAKITA bara, na bado mtu akitaka kutafuta *vitabu* apate na *kitabu*, inabidi ajitengenezee mwenyewe. Jambo hili linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Kwa mwenye nia ya kujitengenezea, njia ni tatu. Ya kwanza ni kuunakili mradi mzima, kuubadilisha ndani, na kushika nakala yako. Ya pili ni kuandika moduli ndogo, faili moja la JAR (kifurushi cha Java), linalokaa kando ya Lucene isiyoguswa. Ya tatu ni kupeleka kazi yako kwenye mradi wenyewe, toleo lijalo litoke na Kiswahili ndani. Hukumu yangu naitoa mapema kwa mwenye haraka: ya kwanza iache, anza na ya pili, na ya tatu uipelekee kile tu kilichokwisha kutulia na ambacho ni cha Waswahili wote. Mwenye nafasi tuendelee pamoja.

Kwanza, huenda huhitaji kuandika msimbo

Kichambuzi ni mfuatano wa hatua. Maandishi husafishwa herufi, hukatwa kuwa maneno, kisha kila neno hupita kwenye vichujio mpaka litoke katika umbo litakalowekwa kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno na karatasi yalimo. Neno la mtafutaji nalo hupita njia hiyo hiyo, na yakikutana yamefanana, karatasi inapatikana. Hatua nyingi zimo tayari ndani ya Lucene, na klasi ya CustomAnalyzer inakuruhusu kuzipanga kwa majina yake tu, bila kuandika kichujio chako. Solr na Elasticsearch zinafanya hayo kwenye mipangilio.

Chukua *Ng'ambo*. Kikata-maneno cha kawaida cha Lucene kinafuata kanuni za Unicode, kwa hiyo hakilivunji neno hili katikati. Hilo ni jema. Tatizo ni kwamba alama ile ina sura mbili: iliyonyooka, inayotoka kwenye kibodi, na iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa macho yetu ni neno moja, kwa kompyuta ni mawili, na aliyetafuta *ng'ombe* kwa simu hataona *ng’ombe* aliyechapwa kwa Word. Dawa yake ni MappingCharFilter, mistari miwili ya mipangilio. Sijaona kazi ndogo zaidi ya hii yenye faida kubwa hivi kwa maandishi ya Kiswahili.

Malalamiko ya Maalim kuhusu *skuli* na *shule* yanamalizwa na faili la visawe. Hapo hapo unaweka *afisi* na *ofisi*, *mahkama* na *mahakama*, *khabari* na *habari*, na maandishi yetu ya zamani yanajaa *kh* ambazo siku hizi wengi hawaziandiki. Maneno yasiyofuata kanuni, kama *macho* na *jicho*, *meno* na *jino*, *miaka* na *mwaka*, yanaingia kwenye faili la StemmerOverrideFilter, kila jozi mstari wake. Mafaili haya ni maandishi matupu. Maalim mwenyewe anayahariri na kunitumia kwa WhatsApp.

Kama una karatasi elfu chache na watafutaji wako hutafuta zaidi majina ya watu, ya vijiji na ya vitu, nakushauri usimame hapa. Jaza maneno mia mbili, mia tatu, uone. Wengi, nami nikiwamo, tulikimbilia kuandika kichujio kabla hata ya kujaza faili.

Pale faili linaposhindwa ni kwenye vitenzi na ngeli. *Anasoma*, *walisoma*, *hatujasoma*, *atakapowasomesha*: hakuna faili litakalomaliza kuyaorodhesha, maana kila kitenzi kinavaa nafsi, wakati, mtendwa na kauli, na vyote vinabadilika. Lugha nyingi za Ulaya hukatwa mwishoni, lakini Kiswahili kinaanza kukatwa mwanzoni. Hapo lazima kuwe na msimbo, na swali la nani atautunza linaanza.

Toleo jipya linapotoka

Nilianza na nakala yangu mwenyewe, kwa haraka ya kumaliza kazi. Ilikuwa Lucene 8. Nikaingia kwenye folda la vichambuzi, nikaongeza klasi zangu, nikagusa na klasi za wenzangu pale nilipoona pananizuia. Wiki moja kila kitu kikawa kinafanya kazi, nikafurahi.

Desemba 2021 ikatoka 9.0. Mfumo wa kujengea programu ulikuwa umehama kutoka Ant kwenda Gradle. Moduli zilizoitwa *analyzers* zilibadilishwa jina zikawa *analysis*. Klasi za msingi za viwanda vya vichujio (vile vinavyoviunda vichujio) zilihamishiwa kwenye kiini cha maktaba. Nilipojaribu kuyaleta mabadiliko hayo kwenye nakala yangu, kila faili nililoligusa liligombana na la kwao. Siyo kwamba msimbo wangu wa Kiswahili ulikuwa mbaya. Ulikuwa umetawanyika ndani ya nyumba ya watu, na nyumba imepangwa upya.

Basi nikabaki nyuma, na kubaki nyuma kwenye Lucene kuna bei yake. Lucene 9 inasoma faharasa iliyotengenezwa na 8. Iliyotengenezwa na 7 inaikataa. Ukiruka matoleo mawili makubwa, lazima ujenge faharasa upya kutoka kwenye maandishi ya asili, na kama mtu alitupa maandishi akabaki na faharasa peke yake, hiyo ni hasara. (Usiyatupe maandishi ya asili kamwe. Faharasa ni ya kutafutia, si ya kuhifadhia.)

Kuna la kuogopesha zaidi ya hilo. Java 7 ilipotoka tarehe 28 Julai 2011, ilikuwa na hitilafu katika namna inavyoharakisha vitanzi vya msimbo. Watunzaji wa Lucene na Solr walitoa onyo hadharani siku hiyo hiyo: programu ingeweza kuanguka, au mbaya zaidi, ikaendelea na kuharibu faharasa kimya kimya. Moja ya sehemu zilizoanguka ilikuwa kichujio cha Porter, kile kinachokata viambishi vya Kiingereza. Aliye karibu na mradi alipata habari na marekebisho. Aliyeshika nakala yake kisiwani, hafuatilii, angejuaje?

Linganisha na moduli ya kando. Nilipochoka na nakala, nilivuta klasi zangu zote nje nikazifanya mradi wake, kiasi cha mistari mia chache. Kuitoa 8 kuipeleka 9 ilikuwa kazi ya baada ya alasiri mpaka magharibi: kubadilisha mistari ya juu inayotaja klasi zilipo, na kuongeza kijenzi kitupu (kisichopokea kitu) kwenye kila kiwanda cha kichujio, maana 9.0 inakidai. Toleo la 10, lililotoka Oktoba 2024, karibu halikunigusa kwenye msimbo. Linataka Java 21, na kazi yote ilikuwa kuisasisha seva.

Kwa atumiaye Elasticsearch kuna mzigo wa ziada autie hesabuni. Programu-jalizi yake ya mtindo wa zamani hujengwa kwa namba ile ile ya toleo la seva, na zikipishana hata kidogo, seva inakataa kuipakia. Sasa wana njia thabiti zaidi kwa vichambuzi vya maandishi, itumie hiyo. Kwenye Solr ni kuweka JAR mahali pake na kuitaja.

Naona watu wengi wanaandika Kiswahili chao kwenye tabaka la Elasticsearch moja kwa moja. Mimi nasema shuka tabaka moja, kiandike kwenye Lucene. Januari 2021 Elastic, kampuni yenye Elasticsearch, ilitangaza kuiacha leseni ya Apache, na Amazon na wenzake wakatengeneza OpenSearch kutoka toleo la 7.10.2. Mwaka 2024 Elastic wakaongeza leseni ya AGPL, na OpenSearch ikahamia Linux Foundation. Miaka yote hiyo ya mvutano, Lucene iliyo chini yao wote ilibaki kwenye leseni ya Apache 2.0 bila kutikisika. Kazi yako ikikaa huko chini, wakubwa wagombane watakavyo, wewe unabadilisha kifuniko tu. Na mtu asinitolee OpenSearch kama ushahidi kuwa kushika nakala kunawezekana. Kunawezekana kwa mwenye kundi la watu wanaolipwa mshahara kila mwezi kwa kazi hiyo.

Njia ya tatu, hapa, haina mpinzani. Kichujio chako kikishaingia mradini, yeyote atakayebadilisha muundo wa maktaba analazimika kukirekebisha na chako, kwa sababu majaribio yote lazima yapite kabla ya mabadiliko kuingizwa. Mtu aliyeko Ujerumani au Marekani, ambaye hajui *kitabu* ni nini, atautunza msimbo wa Kiswahili kwa sababu umo ndani ya kazi yake. Hiyo ni neema ambayo moduli ya kando haiwezi kukupa.

Neno linapokosewa

Kwa faida ile, mbona sikupeleka kila kitu mradini tangu mwanzo? Kwa sababu ya simu ya pili ya Maalim.

Nilikuwa nimeandika kanuni nyepesi ya ngeli. *Vi-* irudi *ki-*, *vy-* irudi *ch-*, *mi-* irudi *m-*, *wa-* irudi *m-*. Sikutaka kukata kiambishi na kukitupa, maana ukikitupa, *kiti* inabaki *ti*, na *mti* nayo inabaki *ti*, na anayetafuta miti ya mikarafuu analetewa viti vya mkutanoni. Kukirudisha kwenye umoja ni salama zaidi. *Vitabu* ikawa *kitabu*, *vyama* ikawa *chama*, *mikoko* ikawa *mkoko*, *wazee* ikawa *mzee*, *wakulima* ikawa *mkulima*. Nilijua *wali* itageuka *mli*, na hilo halinisumbui: shina halihitaji kuwa neno halisi, linahitaji tu kuwa lile lile kwenye faharasa na kwenye swali, na lisigongane na neno jengine.

Maalim akapiga simu. "Mwanangu, natafuta khabari za mirathi, nimeandika *mke*. Imeniletea mkusanyiko mzima. Hata tangazo la mpira."

Nikatazama. *Wake*, wingi wa *mke*, imerudi *mke* kama nilivyotaka. Lakini *wake* ya *mtoto wake*, *mchezaji wake*, *uamuzi wake* nayo imerudi *mke*, na hakuna karatasi ya Kiswahili isiyokuwa na *wake* ya namna hii. Nililiweka neno kwenye orodha ya yasiyoguswa, nikajenga JAR, nikajenga faharasa upya, na kabla ya kulala Maalim alikuwa anapata mirathi yake.

Sasa fikiri kosa hilo lingekuwa ndani ya toleo rasmi. Ningefungua suala kwenye GitHub, ambako mradi ulihamishia masuala yake mwaka 2022, nikapeleka marekebisho, nikasubiri mtu ayapitie. Yakiingia, yanangoja toleo. Toleo linapigiwa kura isiyopungua saa 72, na lazima lipate kura tatu za ndiyo kutoka kwa wajumbe wa kamati ya mradi. Utaratibu ni mzuri na naupenda, maana ndio uliofanya maktaba hii iaminike. Likishatoka, kila mtumiaji anasasisha kwa wakati wake, na kwa kuwa mashina yamebadilika, kila mmoja anajenga faharasa upya. Kubadilisha shina la neno moja kwenye maktaba ya dunia ni kuwagusa watu ambao hutawajua.

Na hakuna mpitiaji ambaye angekuokoa. Atakuambia msimbo unatumia kumbukumbu vibaya, atakuambia kiwanda hakikusajiliwa kwenye META-INF/services, ambako Java hukitafuta, atakuambia jina la klasi halikufuata desturi. Ila *wake* hataiona. Anayeiona ni Maalim wa Wete, naye yuko upande huu. Makosa ya lugha yafanyiwe nyumbani, yasahihishwe nyumbani, ndipo kitu kisafiri.

Lakini kuna kitu cha mradini ambacho hata mwenye moduli asikikose, nacho ni majaribio. Lucene hujaribiwa kwa bahati nasibu ya makusudi: kila mzunguko unachagua mbegu (namba inayoanzisha bahati nasibu), lugha ya mfumo, saa za eneo, na maandishi ya ovyo ya Unicode, kisha anaangaliwa nani ataanguka. Kikianguka kitu, unapewa mbegu ile urudie kosa lile lile. Mfumo huu wa majaribio unapatikana kama kifurushi kinachojitegemea, lucene-test-framework, na moduli yako inaweza kuutumia bila ruhusa ya mtu. Kichujio changu kiliangushwa siku ya kwanza na neno lenye herufi moja tu, kwa sababu nilikuwa natazama herufi ya pili bila kuuliza kama ipo.

Siku nyengine bahati nasibu ilichagua Kituruki. Kwa Kituruki, herufi kubwa I ikipunguzwa huwa *ı* isiyo na nukta. Msimbo wangu ulikuwa unapunguza herufi bila kutaja ni kwa lugha gani, kwa hiyo ISSA na IDDI waligeuka watu wengine kabisa. Na majina hayo kwetu, kila shehia ina akina Issa na Iddi wangapi? Mradini kuna zana inayokataza njia hiyo ya kupunguza herufi, hata haikuruhusu ujenge. Nimeiweka na kwenye moduli yangu.

Kwa hiyo kwenye suala la makosa, moduli inachukua faida ya pande zote mbili: kasi ya nyumbani na ukali wa mradini. Nakala nayo inayo majaribio, ukipenda, ila lazima uyaendeshe ya maktaba nzima kila mara ili kulinda mistari mia chache ya kwako.

Ukiwa haupo

Nakala inakufa na mwenyewe. Sitarefusha: hakuna kijana atakayefungua maktaba nzima ya Lucene iliyobadilishwa na mtu asiyemjua, bila maelezo, akajua wapi pameguswa na kwa nini.

Moduli ya mistari mia chache, mwanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, mwenye Java ya mwaka wa pili anaisoma siku mbili akaielewa. Mafaili ya maneno hayahitaji hata Java. Ila ikae hadharani, iwe na leseni iliyoandikwa, na mtu wa pili awe na funguo. Moduli iliyoko kwenye kompyuta mpakato ya mtu mmoja haijapishana sana na nakala.

Iliyomo mradini inaishi kupita wote. Kichujio cha Kiindonesia kimo humo mpaka leo. Solr iliunganishwa na Lucene mwaka 2010 na ikatengana nayo kuwa mradi wake mwaka 2021, vitu vikahamishwa huku na huku, na vichambuzi vya lugha vikabaki salama.

Leseni, iamue mapema. Orodha ya maneno uliyoinakili kutoka kamusi iliyochapishwa si yako kuitoa, mradini hata kwenye moduli. Kuna kamusi ya kuhakiki tahajia ya Kiswahili inayokwenda na LibreOffice, na Lucene inaweza kusoma mafaili ya namna ile. Lakini leseni yake ni ya LGPL, na Apache haikubali kuiweka LGPL ndani ya matoleo yake. Kando unaweza kuitumia kwa masharti yake, mradini haiingii. Mimi nimejenga orodha yangu kutoka sifuri, kwa masikio ya Maalim na ya mama yangu.

Ninavyogawa mimi

Baada ya kupita kote huko, sichagui njia moja kwa kazi yote. Naangalia kila kipande ni cha nani.

*Skuli* na *shule*, *afisi* na *ofisi*, *sheha*, *dakhalia*, na tahajia za zamani zenye *kh* vinabaki kwenye moduli, kwenye faili. Mtu wa Lubumbashi au Nakuru ana visawe vyake, na hana haja ya kulazimishwa vya kwetu. Hata baina ya Unguja na Pemba napata maneno ya kuulizana. Tahajia nazo zina mitego ya hapa hapa: kanuni ya kulainisha irabu za mwisho ingemchanganya *sheha*, kiongozi wa shehia, na *shehe* wa dini, na kila Mzanzibari anajua hao ni watu wawili tofauti.

Alama ya *ng'*, kanuni nyepesi ya ngeli na orodha yake ya yasiyoguswa, naona ni za mradini. Zimetulia, ni za Kiswahili sanifu, na hazibishaniwi. Kukata mwanzo wa neno si ugeni kwao: kichujio cha Kiarabu kinaondoa *al-*, cha Kiindonesia kinaondoa viambishi vya mbele. Ombi liwe dogo, kichujio kimoja na majaribio yake, na majaribio yawe yamejaa maneno, maana hayo ndiyo yatakayomsemea Kiswahili mbele ya mpitiaji asiyekijua. *Mke* na *wake* ziwepo.

Vitenzi vinabaki kando, labda kwa miaka. Najaribu sasa kuweka neno la asili pamoja na shina lake kwenye faharasa, kwa KeywordRepeatFilter, ili karatasi yenye *wamesomeshwa* ipatikane kwa *soma*, na bado aliyeandika *wamesomeshwa* apewe yenye neno hilo hilo juu. Matokeo ni mazuri kwenye baadhi ya maandishi na mabaya kwenye mashairi. Kitu cha namna hii ukikipeleka mradini leo, kesho unakwenda kuwaomba radhi watu.

Kwa aliyeko Pemba au popote penye bando la kununua kwa megabaiti, neno la vitendo: ukiamua kuchangia, usipakue historia yote ya mradi. `git clone --depth 1` inakuletea hali ya sasa tu, na inatosha kuandika na kujaribu. Kisha `gradlew tidy` inapanga msimbo kama wanavyoutaka, na `gradlew check` inaendesha ukaguzi wote. Mara ya kwanza Gradle itashusha vitu vingi, ifanyie usiku. Umeme ukikatika katikati ya kujenga faharasa usihofu: Lucene inarudi pale ilipothibitisha (commit) mara ya mwisho, ulichopoteza ni kilichokuja baada ya hapo. Kwa hiyo thibitisha kila baada ya karatasi mia kadhaa, usingoje mwisho.

Jana Maalim ameniletea jozi mpya: *mwanamke* na *wanawake*. Inageuka pande mbili kwa pamoja, mbele na katikati, na kanuni yangu ya *wa-* inaifanya *mnawake*. *Mwanafunzi* na *wanafunzi* ina ugonjwa huo huo kwa nusu. Usiku huu zinaingia kwenye faili la moduli, na kwenye ombi la mradini nimeziandika juu kabisa ya orodha ya majaribio.